Mficha Maradhi: Daktari wa Medellín na Ukoo Uliosahau

SAFU YA AFYA NA MAARIFA



Wasomaji wetu watukufu, katika toleo lililopita tuliahidi kuzungumzia maradhi ya sukari na saumu. Tunaomba radhi. Mazungumzo hayo tumeyaakhirisha hadi mwezi ujao, Inshaallah, kwa kuwa tumepokea barua ambayo hatukuona haki kuiweka kando. Aliyeiandika ni bibi wa makamo anayeishi katika mji mmoja wa kaskazini ya Uingereza. Ametuomba tusimtaje jina, nasi tumemhifadhi.

Anasema kwamba mama yake mzazi, mwenye umri wa miaka 74, aliletwa kutoka Unguja baada ya kufiwa na mumewe. Miaka miwili ya mwanzo alikuwa ndiye nguzo ya nyumba: akiwasomesha wajukuu Qur'ani, akiwapikia visheti na kuwasimulia hadithi. Kisha akaanza kusahau. Kwanza alisahau majina ya watu. Baadaye akawa anasali Adhuhuri mara tatu, kila mara akiamini kwamba bado hajasali. Akamtuhumu mke wa mwanawe kuwa kamwibia bangili, nazo zikaja kukutwa ndani ya pipa la mchele. Usiku mmoja wa baridi kali alifungua mlango akatoka na kanga na ndara, akisema kwamba anarudi kwao Kikwajuni kwa sababu mama yake anamngojea. Mama huyo alikwishafariki zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Kaka wa bibi huyu anashikilia kwamba mama amefanyiwa sihiri, na mara mbili ameshapeleka fedha nyumbani kwa mganga. Mkewe, masikini, ananuniwa na kila mtu, kwani ndiye anayedhaniwa. Wageni hawakaribishwi tena. Hata daktari hajaambiwa, kwa khofu kwamba watu wa halmashauri watakuja kumchukua mama na kumtia katika nyumba ya kulelea wazee. Bibi anauliza masuala matatu: Je, hii ni sihiri? Je, na mimi yatanifika? Na sisi tufanye nini?

Tutayajibu yote matatu kadiri ya elimu yetu. Lakini kwanza tunamwomba yeye, na wasomaji wote, wavumilie tuwasimulie khabari za daktari mmoja wa nchi ya mbali, ambaye kwa miaka ipatayo arubaini aliulizwa masuala haya haya na watu wasiojua Kiswahili wala Uislamu. Jina lake Francisco Lopera.

UJINGA WA MILIMANI

Francisco Lopera alizaliwa mwaka 1951 katika jimbo la Antioquia, nchini Colombia, huko Amerika ya Kusini. Ni nchi ya milima mirefu, ya mashamba ya kahawa na ng'ombe wa maziwa, na wakaazi wake ni Wakatoliki walioshika dini yao. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Antioquia mjini Medellín, akajifunza utaalamu wa maradhi ya ubongo na mishipa ya fahamu, kisha akaenda Ubelgiji kuongeza elimu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipokuwa angali mwanafunzi wa utaalamu huo, aliletewa mgonjwa wa miaka 47 kutoka milimani. Mtu huyo alikuwa akipoteza kumbukumbu kama ajuza wa miaka tisini. Lopera alistaajabu, kwa kuwa umri ule si umri wa maradhi yale. Alipouliza khabari za jamaa, akaambiwa kwamba baba wa mgonjwa alipatwa na hali hiyo hiyo, na babu pia, na wengineo katika ukoo. Daktari mwingine pengine angeandika dawa ya usingizi na kumwita mgonjwa mwengine. Lopera aliamua kuwafuata watu hao majumbani mwao.

Huko vijijini alikuta kwamba maradhi yana jina. Watu waliyaita kwa Kihispania la bobera, maana yake ujinga au upumbavu. Kila mtu aliyajua, na hapakuwa na aliyependa kuyataja mbele ya mgeni. Walikuwapo waliosema kuwa ni laana, na walikuwapo waliosema kuwa mtu huyapata kwa kugusa mti fulani uliorogwa. Wagonjwa waliwekwa vyumbani, na jirani walijifanya hawaoni. Mke alimuuguza mumewe hadi akafa, kisha baada ya miaka michache akaanza kumuuguza mwanawe, na pengine wanawe wawili au watatu kwa wakati mmoja.

Je, msomaji, hukuisikia barua ya bibi yetu katika maneno hayo? Bahari ni nyengine na dini ni nyengine, lakini chumba kilichofungwa ni kile kile.

KITABU CHA NASABA

Pamoja na muuguzi aitwaye Lucía Madrigal, Lopera alianza kazi ambayo kwa mtazamaji isingeonekana kuwa ni utabibu. Walikwenda kijiji baada ya kijiji, wakakaa na wazee, wakauliza nani kazaliwa na nani, nani alioa wapi, nani alikufa akiwa hawajui wanawe. Wakafungua madaftari ya makanisa yaliyoandikwa ndani yake ubatizo, ndoa na mazishi, wakaunganisha jina na jina. Sisi watu wa pwani, ambao wazee wetu huweza kuitaja nasaba hadi babu wa saba, tunaielewa thamani ya kazi hiyo kuliko wengi. Nasaba ile iliwarejesha nyuma hadi karne ya 18. Mwishowe walikuwa na koo 25 na watu wapatao 6,000, jamaa kubwa kuliko zote zilizojulikana duniani kwa maradhi ya Alzheimer ya kurithiwa.

Kazi hiyo haikufanywa katika nchi tulivu. Hiyo ilikuwa ndiyo Medellín ya Pablo Escobar na wauzaji wa kokeini, na barabara za milimani zilikuwa mikononi mwa waasi na wanamgambo waliokuwa wakipigana. Bibi Madrigal aliwahi kutekwa na waasi katika safari za kuwatafuta wagonjwa. Hata hivyo waliendelea.

Hapa yafaa tueleze kidogo maradhi yenyewe. Mwaka 1906 daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, alieleza mambo aliyoyaona kwa darubini katika ubongo wa mwanamke aliyekufa akiwa amepoteza kumbukumbu. Aliona vitu viwili. Cha kwanza ni mabonge ya uchafu yaliyojikusanya baina ya seli za ubongo. Leo twajua kwamba ni protini iitwayo amiloidi. Cha pili ni nyuzi zilizojisokota ndani ya seli zenyewe, nazo ni za protini nyengine iitwayo tau. Seli zilizojaa nyuzi hizo hufa, na pamoja nazo hufa kumbukumbu, kisha lugha, kisha uwezo wa kujivika nguo na kumeza chakula. Maradhi ya Alzheimer ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya dimenshia, yaani ile hali ya akili kupungua hadi mtu asiweze kujiendesha.

Mwaka 1995, Lopera na wenzake wa nchi za nje, akiwamo Kenneth Kosik wa Marekani, waliitambua asili ya balaa la Antioquia. Katika kromosomu ya 14 kuna jeni iitwayo preseniline 1. Wagonjwa wote wa ukoo ule walikuwa na kosa moja, herufi moja tu iliyobadilika katika maandishi marefu ya jeni hiyo. Mwenye kuirithi huanza kusahau anapokaribia miaka 44, hufikia dimenshia kamili akiwa na miaka 49 hivi, na kwa kawaida hufariki kabla au karibu ya kutimiza miaka 60. Kila mtoto wa mgonjwa yuko katika hali ya sarafu iliyorushwa juu: nusu kwa nusu, awe mwanamume au mwanamke. Katika ukoo mzima, waliobeba kosa hilo wanakisiwa kuwa 1,200.

Ikawa basi haikuwa laana wala mti. Wala hapakuwa na mke aliyemtilia mumewe kitu katika chakula. Wanawake wangapi katika milima ile walikwishasingiziwa, Mungu ndiye ajuaye.

IMANI YA WATU

Yafaa tuangalie ni vipi watu wale walikubali kutoa damu yao, kupimwa mwaka baada ya mwaka, na hatimaye kuwaruhusu madaktari wauchukue ubongo wa maiti wao kwa uchunguzi. Lopera alikusanya mamia ya ubongo za namna hiyo mjini Medellín. (Katika suala la kutoa viungo baada ya kufa wanavyuoni wetu wana khitilafu, nasi si mahali petu kuliamua. Tunasimulia tu yaliyofanywa na wale.)

Walikubali kwa sababu hakuwa mtu wa kuchukua damu na kwenda zake. Kikundi chake cha uchunguzi wa ubongo katika chuo kikuu kiliwafundisha jamaa jinsi ya kuuguza, kiliwatembelea wagonjwa ambao hawana tena la kumpa mchunguzi, na kiliwaeleza watu ukweli kwa lugha yao. Alipotokea mgonjwa mpya katika nyumba, mwenye nyumba alimjua daktari kwa uso na kwa jina.

Na siri ya mtu ilihifadhiwa. Mwaka 2013 walianza majaribio ya dawa ya sindano iitwayo crenezumab, iliyotarajiwa kuondosha amiloidi kabla maradhi hayajadhihiri. Waliingia watu 252 wa ukoo huo, wote wakiwa wazima. Wengi wao hawakutaka kujua kama wamerithi au la. Kwa hivyo wakaandikishwa hata wasiorithi, nao wakapigwa sindano isiyokuwa na dawa ndani yake, ili kusiwe na jirani awezaye kusema: fulani anakwenda hospitali, basi fulani anayo. Fikirini, ndugu zangu: mtu mzima, asiye na jeni ile, akenda kudungwa sindano ya maji miaka mingi ili kumsitiri binamu yake. Sijui kama nimewahi kusikia sitara iliyo kubwa kuliko hiyo.

Mwezi wa Juni mwaka 2022 yakatangazwa matokeo. Dawa haikufaa. Tofauti baina ya waliopewa na wasiopewa ilikuwa ndogo mno kiasi cha kutoweza kuitwa faida. Tunayaandika haya waziwazi kwa sababu magazeti hupenda kusimulia elimu kama kwamba ni ngazi ya kupanda tu. Hapa watu walitoa karibu miaka minane, na daktari alikuwa ametoa karibu miaka arubaini, kisha ikabidi awaambie jamaa wale ana kwa ana kwamba tumaini lile limekatika.

MWANAMKE ALIYECHELEWA KUSAHAU

Lakini katika ukoo ule ule Mwenyezi Mungu alikuwa ameweka ajabu nyengine. Palikuwa na mwanamke aliyeirithi jeni mbaya, na kwa hesabu zote alipaswa kuanza kusahau katika miaka ya arubaini. Alifika miaka hamsini akiwa mzima, akafika sitini akiwa mzima, wala hakuanza kusahau mpaka alipoingia miaka ya sabini.

Walipompima, ubongo wake ulikutwa umejaa amiloidi kuliko wengi wa jamaa zake, ilhali zile nyuzi za tau zilikuwa chache. Yakiño, kulikuwa na kitu kilichosimama kati ya uchafu na moto, kikauzuia moto usishike. Khabari zake zilichapishwa mwaka 2019 na jopo la wataalamu, akiwamo Yakeel Quiroz, binti wa Colombia aliyeanza kama mwanafunzi wa Lopera kisha akawa mtaalamu wa kuheshimika huko Boston. Ilibainika kwamba mwanamke yule alikuwa amerithi, kutoka kwa baba na kwa mama, badiliko la nadra katika jeni nyengine. Badiliko hilo huitwa Christchurch, kwa jina la mji wa New Zealand ambako liligunduliwa kwanza. Alifariki mwaka 2020 kwa maradhi mengine.

Mwaka 2023 wakaeleza mtu wa pili wa ukoo huo, mwanamume, aliyebaki na akili zake hadi miaka 67 kwa kinga ya jeni nyengine kabisa. Na mwaka 2024 wakaonyesha kwamba hata waliorithi badiliko la Christchurch upande mmoja tu, watu 27, walichelewa kuugua kwa miaka ipatayo mitano. Kutokana na watu hawa wachache, wataalamu wanatafuta leo dawa itakayoiga kinga hiyo. Nani angewajua kama jamaa zao wangeendelea kufunga milango?

Francisco Lopera alifariki mjini Medellín mwezi wa Septemba mwaka 2024, akiwa na umri wa miaka 73. Hakuiona dawa aliyoitafuta. Aliacha ukoo wa watu 6,000 ambao hawaiti tena maradhi yao upumbavu.

MAJIBU KWA BIBI YETU

Sasa tumrejee dada yetu na masuala yake matatu.

La kwanza: je, ni sihiri? Sisi si watu wa kukanusha yaliyothibiti katika dini yetu, wala hatumzuii mtu kumsomea mzazi wake Qur'ani na kumwombea dua. Hayo ni mema kwa kila mgonjwa. Lakini yote aliyoyaeleza dada yetu, ya kurudia sala, ya kuficha vitu na kudhani vimeibiwa, ya kutoka usiku kumtafuta mama aliyekwishakufa, hayana hata moja lililo geni kwa madaktari. Ndiyo alama zenyewe za dimenshia, na huonekana kwa Mjerumani na Mjapani kama kwa Mswahili. Mgonjwa anapomtuhumu mke wa mwanawe, hamtuhumu kwa uadui. Amesahau kwamba ni yeye aliyeziweka bangili katika pipa, na akili inatafuta maelezo. Kwa hivyo tunamwambia kaka kwa heshima: fedha za mganga zinatosha mbili hizo. Na mkeo umtake radhi. Dhana imempata mtu asiyekuwa na kosa, na dhulma hiyo itaulizwa.

Aidha Qur'ani yenyewe, katika Suratun Nahl, imetaja wale wanaorejeshwa katika umri dhaifu wakawa hawajui kitu baada ya kujua. Waislamu hatuna sababu ya kuiona hali hii kuwa ni fedheha ya ukoo.

La pili: je, na mimi yatanifika? Dada, usiuchukue msiba wa Antioquia ukaufanya wako. Namna ile ya kurithiwa moja kwa moja ni nadra mno, haifiki hata mgonjwa mmoja katika mia, na huanza katika umri wa miaka thelathini hadi hamsini na kitu. Mama yako ameanza baada ya sabini, kama wagonjwa walio wengi. Mtoto wa mgonjwa wa namna hiyo khatari yake huzidi kidogo kuliko ya mwengine, lakini si hukumu. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la tiba la Lancet lilihesabu mambo 14 yanayoongeza khatari, na likakisia kwamba karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa kama yangeshughulikiwa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, sukari, mafuta mabaya ya damu, unene, sigara, kukaa bila kutembea, macho na masikio yasiyotibiwa, na upweke. Tazameni, ndugu zangu: maradhi ya damu na sukari yamejaa majumbani mwetu, na wazee wetu wangapi hukaa peke yao kutwa mbele ya televisheni ya lugha wasiyoijua, masikio yao yamepungua, nao wanaona haya kuvaa kifaa cha kusikilizia?

La tatu: tufanye nini? Mwambieni daktari wenu wa familia, wiki hii. Sababu ya kwanza ni kwamba si kila usahaulifu ni Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, maradhi ya tezi la shingo, huzuni kubwa, uchafu wa mkojo na hata baadhi ya dawa huweza kumvuruga mzee akili, na mengi ya hayo yana tiba. Sababu ya pili ni kwamba hata ikiwa ni Alzheimer zipo dawa za kupunguza makali yake kwa muda, na zipo njia za kuufanya mlango na jiko viwe salama.

Mkienda, ombeni mkalimani wa Kiswahili. Ni haki yenu katika hospitali za serikali, nanyi hamlipi. Msimtie mjukuu wa miaka kumi na mbili kazi ya kutafsiri maneno hayo. Mgonjwa wa dimenshia mara nyingi hupoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani na kubaki na ya utotoni, na mzee akiulizwa kwa Kiingereza jina la waziri mkuu wa Uingereza ataonekana mgonjwa hata kama ni mzima. Jambo hili wenzetu wa Tanzania wamelifikiria. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wakakadiria dimenshia kwa asilimia 6.4. Kwa kuwa wazee wengi hawakusoma skuli, baadaye kilitengenezwa huko kipimo kisichohitaji kalamu, ambacho ndani yake mzee huombwa kupanga njiti za kiberiti kwa mfano aonyeshwao. Basi anayesema kwamba maradhi haya ni ya Wazungu, na ajue kwamba yako kwetu. Tuliyaita uzee tu, tukanyamaza.

Ama khofu ya kunyang'anywa mama, kupimwa hakumpi mtu amri ya kumtoa mzazi nyumbani. Kinyume chake, hapa England, chini ya sheria ya mwaka 2014, yule anayeuguza ana haki ya kuiomba halmashauri ipime mahitaji yake yeye mwenyewe. Lakini tahadharini katika misaada ya fedha: mzazi aliyeingia kwa viza ya jamaa huenda hana ruhusa ya kuipokea, na kuiomba bila kuuliza kwanza kunaweza kumdhuru. Ulizeni kwa mwanasheria wa uhamiaji au katika ofisi ya ushauri kabla ya kujaza fomu yoyote.

Kuhusu sala, mama anaposali mara tatu msimgombe. Asiyekuwa na akili hakalifishwi, na masheikh wetu wanalijua hilo. Mwendeeni mmoja wao awaeleze hukumu ya sala na saumu yake, ili nyoyo zenu zitulie. Anapomtafuta mama yake, msimwambie kila mara kwamba amekufa, kwani kwake ni msiba mpya kila siku. Mwambieni akusimulieni khabari za Kikwajuni. Hizo bado anazo.

La mwisho, fungueni mlango. Wahenga wamesema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwandishi wa safu hii anasema haya akiwa na deni. Shangazi yangu aliugua hivi hivi kwa miaka sita katika chumba cha nyuma, nasi tulikuwa tukiwaambia wageni kwamba amelala. Alikuwa macho. Alikuwa akisikia sauti za watu barazani na kuuliza ni nani hao, na hakuna aliyemjibu. Siku ya maziko walikuja watu wengi, wakaniuliza mbona hawakuambiwa, wangekuja kukaa naye. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kwa hivyo tunapendekeza kwa jumuiya yetu: akina mama wanaokutana kila Jumamosi kwa darsa, wapange zamu ya kumtembelea dada huyu iwapo atatupa idhini, saa mbili kwa wiki, ili naye apate kulala. Walio na mgonjwa kama huyo majumbani na watuandikie, majina yatahifadhiwa. Na kaka yake, tukimwona msikitini, tusimuulize chochote mbele ya watu. Tumpe mkono tu, tumwambie kwamba tutakuja kumwamkia mama.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na awarehemu waliotangulia. Amin.

Wassalaamu alaykum.